Bendera na Kitambaa cha Altare

Kwa miaka thelathini na mmoja Arvilla Tufte hakuwahi kuharibu hata kitambaa kimoja cha altare. Jambo hilo alilijua yeye, alilijua Mungu, na kwa kuwa Arvilla hakupenda kumwachia Mungu peke yake kazi ya kutangaza, lilijulikana pia na usharika mzima wa Nordal, Dakota Kusini. Ndiyo maana Alhamisi ile ya mwezi wa Mei, aliposhuka chumba cha chini cha nyumba yake akachungulia ndani ya beseni, alifanya kitu ambacho mjane wa Kilutheri wa miaka sabini na minne hafanyi bila sababu kubwa. Aligeuza ndoo, akaikalia.

Maji yalikuwa mekundu. Ndani yake kilielea kitambaa kikubwa cha altare, kile chenye taraza za lesi ya matundu pembezoni ambacho bibi zao walivuka nacho bahari kutoka Norwe kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia ya ukoo. Tangu kilipofika Nordal kilikuwa cheupe kama theluji ya Januari. Sasa kilikuwa rangi ya waridi, kama mashavu ya mtoto mchanga aliyemaliza kulia. Kando yake ilielea bendera ya taifa ya kanisani, ile ya kina Haugrud. Mistari yake myekundu ilikuwa imekwajuka, na ile myeupe ilikuwa imeipokea rangi iliyotoka kwa jirani zake, hata mtu asingejua tena ipi ilikuwa ipi. Nyota arobaini na nane zilikuwa zimezama katika ukungu wa buluu.

"Ee Bwana," alisema Arvilla. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsikia, akaongeza neno la Kinorwe ambalo mama yake alilitumia kwa ng'ombe mpiga mateke.

Ikumbukwe, kwa haki yake, kwamba nia ilikuwa njema. Mchungaji Maren Ostby, msichana wa miaka thelathini na miwili aliyewajia kutoka Oregon miaka miwili nyuma, alikuwa ameandika nusu ukurasa katika jarida la usharika. Aliuliza, kwa upole wa kutosha kumlaza mtoto, kama bendera ya taifa ingeweza kuhamishwa kutoka kando ya altare ikawekwa kwenye ukumbi wa kuingilia. Meza ile, aliandika, ameiandaa Kristo kwa ajili ya watu wa mataifa yote, na mgeni anayepiga magoti pale asidhani kwanza lazima awe wa nchi fulani. Alimalizia kwa kusema kwamba hataigusa mpaka usharika wenyewe uamue.

Usharika haukujibu. Watu wa Nordal hawagombani, huo ni ushenzi. Wao hunyamaza. Wiki ile walimnyamazia mchungaji wao kwa nguvu kiasi kwamba mbwa wake aliacha kubweka.

Arvilla hakukubaliana na jarida. Bendera ile aliikuta pale tangu akiwa mtoto wa miaka minne, na aliona kama kosa lake ni moja tu: ilikuwa chafu. Miaka sabini ya moshi wa mishumaa na vumbi la mavuno. Gudrun Haugrud aliishona kwa mkono wake mwenyewe wanawe wawili walipokuwa vitani Korea, kwa pamba nyekundu iliyokatwa dukani kwa mita. Akarudi mwana mmoja, Ervin. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuifua. Arvilla akajisemea, nitaing'arisha mpaka Mchungaji mwenyewe aone haya kuiondoa, tena kabla ya Siku ya Kumbukumbu ya mashujaa.

Ila swali likazuka: ifuliwe wapi? Vitambaa vya altare vina beseni lake, haliguswi na kitu kingine, na maji yake hayamwagwi kwenye bomba la maji machafu bali ardhini, chini ya mti wa maua ya zambarau nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo sheria ya kamati ya altare, na Arvilla ndiye kamati. Sasa kitu kilichosimama hatua mbili kutoka kwenye mkate na divai, mtu atakitia kwenye mashine pamoja na soksi? Haiwezekani. Kwa Arvilla, kila kilichosimama pale mbele kilikuwa kitambaa cha altare. Akaviloweka vyote viwili katika maji mamoja, akapanda juu kunywa kahawa.

Mambo mengine aliyafanya kwa mwili tu, roho ikiwa mbali. Alimwaga maji mekundu chini ya maua. Alikamua. Akaviviringisha vitambaa vikiwa vibichi, kama mama yake alivyomfundisha, akavitia kwenye friza visishike ukungu mpaka atakapopata nguvu ya kupiga pasi. Kwa kawaida aliviweka juu. Safari hii alivizika chini kabisa, chini ya mapaja mawili ya kulungu na mifuko sita ya mahindi.

*

Jumapili altare ilivaa kitambaa cha akiba, na mlingoti wa bendera ulisimama mtupu.

Mchungaji Maren alikitazama mara mbili wakati wa zaburi. Alidhani wazee wa baraza wameipeleka kutengenezwa. Wazee wa baraza walimtazama yeye. Mzee Ervin Haugrud, miaka tisini na mmoja, alikaa mahali pake akiwa amezima vifaa vyake vya masikioni, kama alivyofanya kila mara mahubiri yalipoanza.

Ibada ilipokwisha, usharika ulihamia kwenye uwanja wa magari, ambako ndiko mambo ya kweli husemwa.

"Umeona?" alisema Duane Sletten, mwenyekiti wa baraza, muuza mbegu za mahindi, mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa.

"Nimeona," alisema LaVonne, msaidizi wa Arvilla katika kamati na jirani yake.

"Mimi sisemi kitu."

"Hata mimi sisemi."

"Ila nasema tu, mtu anaandika kwenye jarida kwamba hataigusa, halafu wiki mbili baadaye haipo."

"Si ndiyo hapo! Lakini mimi sisemi."

Walipomaliza kutosema, ilikuwa imekwisha kupangwa kwamba Jumapili inayofuata, baada ya ibada, usharika ukutane kuamua kama Mchungaji Ostby aendelee au afungashe.

Jioni LaVonne akapiga simu. "Shoga, umesikia? Inasemekana ameitupa kwenye pipa la taka nyuma ya duka."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu gani, LaVonne?"

"Mimi na Duane."

Arvilla alikuwa na sentensi nzima mdomoni. Ilikuwa na maneno mawili tu: *iko kwangu, nimeiharibu*. Hayo ni matatu, lakini hali yake haikuruhusu kuhesabu. Alimfikiria mzee Ervin, mishono ya mama yake, na ndugu yake Lyle aliyebaki Korea. Alifikiria pia miaka thelathini na mmoja. Akasema, "Nimeacha kitu jikoni," akakata simu. Jikoni hapakuwa na kitu.

*

Jumatano Mchungaji Maren alikuja mwenyewe, akaketi kwenye meza ya jikoni. Arvilla alimwekea kahawa na sahani ya vipande vya keki ya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini. Vilikuwa vinane, na kwa Nordal mgeni mmoja akiwekewa vinane, basi mwenye nyumba ana jambo.

"Sijaja kuomba kura yako, Arvilla," alisema Mchungaji. "Nimekuja kupanga vitambaa vya Jumapili. Kama ni ya mwisho, nataka iwe nzuri."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Duane kanipigia. Ni mtu mwema, jamani, alikuwa karibu kulia. Ananiambia, 'Mchungaji, we kiri tu uliitoa, omba radhi, irudishe, yaishe.' Sasa nitaombaje radhi kwa kitu ambacho sikufanya? Na nitarudisha nini?"

"Chukua keki nyingine."

"Nimeshakula tatu."

"Chukua ya nne."

Mchungaji akachukua. Alitafuna akiangalia dirishani, na Arvilla akamwona jinsi alivyokonda. Halafu, bila kuitwa, ikamjia Januari. Dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa, mume wake Norbert akikata roho hospitalini maili arobaini kutoka hapo. Msichana huyuhuyu alimpakia kwenye kigari chake kisichofaa hata kwa mvua, akaendesha nyuma ya gari la kusukuma theluji saa tatu mfululizo akiimba nyimbo kwa sauti mbovu ili Arvilla asilie. Kisha akalala kwenye kiti siku mbili, viatu miguuni. Arvilla hakuwahi kumshukuru. Alimfumia kofia. Kwa mtu wa Nordal kofia inasema vya kutosha, lakini msichana alikuwa wa Oregon, na huenda alidhani ni kofia tu.

"Mchungaji," alisema Arvilla.

"Naam?"

"Kuna..." Friza ilinguruma chini ya miguu yao. "Kuna ya tano."

Mchungaji Maren akacheka, kicheko cha kwanza wiki ile, akaondoka na vipande vinne vilivyofungwa kwenye karatasi. Arvilla alisimama mlangoni mpaka gari likapotea, akijiona mwovu kuliko watu wote waliotajwa katika Agano la Kale, wakiwemo wale waliowaua wageni wao kwa vigingi vya hema.

*

Jumapili ukumbi wa chini ulijaa. Kila mtu alileta bakuli lake, maana kumfukuza mchungaji ni jambo zito na halifanywi na njaa. Kulikuwa na mabakuli tisa ya viazi na nyama ya kusaga, jeli ya kijani yenye karoti ndani, na mtungi wa kahawa wa umeme uliochemka tangu alfajiri. Mchungaji Maren alikaa pembeni peke yake, mikono magotini, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule na kuambiwa asubiri.

Duane aligonga meza kwa kijiko. "Tuna hoja moja mezani," alisema. Sauti yake haikuwa na furaha. "Kuhusu Mchungaji. Na bendera. Kabla ya kura, kuna mwenye neno?"

Arvilla alisimama. Alikuwa na kikapu cha nguo mkononi, na wote walidhani ni mikate. Alitembea mpaka mbele, akatoa kitu kirefu kilichoviringishwa, akakiweka mezani. Kiligonga mbao kwa kishindo cha samaki wa barafu. Jeli ya kijani ikatetemeka.

"Ni nini hicho?" aliuliza Duane.

"Bendera."

"Mbona imeganda?"

"Ilikuwa kwenye friza yangu, chini ya kulungu."

Hakuna katiba ya usharika inayosema mwenyekiti afanye nini hapo. Duane alitazama karatasi zake, kisha mtungi wa kahawa, kisha mbingu.

"Mchungaji hakuigusa," alisema Arvilla. "Ni mimi. Niliichukua kuifua, maana nilitaka ibaki pale pale ilipo, na iwe safi. Nikailoweka na kitambaa kikubwa cha altare. Ikachuja. Sasa vyote viwili ni vya waridi. Nimekaa kimya siku kumi, nikamwacha huyu mtoto asulubiwe kwa ajili yangu, na yeye ndiye aliyekaa nami Januari Norbert alipokufa. Sikukushukuru, Mchungaji. Nakushukuru sasa. Ile kofia ilikuwa inasema hivyo." Akavuta pumzi. "Na kamati ya altare naiacha leo. LaVonne atapokea beseni."

"Mimi?" LaVonne aliruka. "Mimi sijui hata kupiga pasi taraza! Kaa chini, Arvilla, usituletee balaa juu ya balaa."

"Nilidhani iko kwenye pipa la taka, LaVonne," alisema mtu wa nyuma.

"Nyamaza, Gordy."

Ndipo kiti kikakwaruza. Mzee Ervin Haugrud alikuwa amesimama. Aliwasha vifaa vyake vya masikioni, kimoja kikapiga mluzi, akakipiga kofi kikanyamaza. Alikuja mbele polepole, na njia nzima Arvilla alikuwa akitazama viatu vya mzee, hakuthubutu kuinua macho zaidi.

Mzee aliisukuma bendera karibu na mtungi wa kahawa. Ilianza kulegea. Aliikunjua pembe moja, halafu nyingine, mpaka ikalala mezani kati ya mabakuli, ya waridi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama aliniambia isifuliwe," alisema. "Ile nyekundu ilikuwa ya bei ya chini. Alijua itachuja."

"Nisamehe, Ervin," alisema Arvilla.

"Ngoja kwanza, sijamaliza. Siku hizi nikikatizwa nasahau." Alipapasa mshono kwa kidole gumba. "Mama hakuishona kwa ajili ya kanisa. Nani aliwaambia hivyo? Aliishonea baraza ya nyumba yetu, Lyle akirudi aione kutoka barabarani. Lyle hakurudi. Mama akawa hawezi kuitazama, akaileta hapa, akamwambia mchungaji wa wakati ule, ihifadhi. Yule bwana akaiweka kando ya altare, kwa heshima. Mama hakuulizwa. Na ungesema nini? Mwaka ule? Useme iondoeni? Watu wangedhani huipendi nchi, na mwanao yuko kaburini kwa ajili yake."

Mtungi wa kahawa ulikoroma.

"Mama akahamia benchi la nyuma ya nguzo," Ervin aliendelea. "Mlidhani ni kwa sababu ya upepo. Mimi nilibaki mbele. Miaka sabini napiga magoti, mchungaji ananipa mkate, ananiambia, mwili wa Kristo umetolewa kwa ajili yako. Na mimi naangalia pembeni, namwona Lyle. Kila mara Lyle. Nampenda ndugu yangu. Lakini nilikwenda pale kumtafuta mwingine." Akamgeukia mchungaji. "Jarida lako nililisoma mara tatu. Nilitaka kukupigia simu. Nikaogopa. Mzee wa miaka tisini na mmoja, wamenipiga risasi Wachina kule Korea, nikamwogopa Duane."

"Mimi?" alisema Duane.

"Una shingo kubwa, kijana."

Kicheko kilianzia nyuma kwa Gordy, kikapita meza ya jeli, kikamfikia hata Mchungaji Maren, ambaye alikuwa analia na alijaribu kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja. Arvilla hakucheka. Mzee Ervin alikuwa ameushika mkono wake wenye ubaridi wa friza na hakuuachia.

"Umenipunguzia kazi, Arvilla," alisema kwa sauti ya chini. "Ningekufa sijasema. Asante. Unasikia? Nasema asante."

Duane alikohoa. Alisema yeye binafsi, na aandikwe hivyo, bado anaona bendera ina haki ya kuwa kanisani, kwani baba yake naye alipigana, na hajaona bado mstari wa Biblia unaoikataza. Mchungaji Maren akasema hata yeye hajauona, na kwamba angependa wakae waongee, si kwa kupitia jarida. Hoja ya kumfukuza iliondolewa na aliyeileta. Ya pili, kwamba bendera mpya iwekwe ukumbi wa kuingilia pamoja na majina ya waliokufa vitani, ilipita kwa kura thelathini na nne dhidi ya kumi na tisa. Wale kumi na tisa walinyamaza kwa namna iliyoahidi kwamba jambo halijaisha. Ya Gudrun, mzee Ervin alisema anakwenda nayo nyumbani; kesho itatundikwa barazani, na mwenye shida na rangi yake apite barabara nyingine.

"Na kitambaa cha altare?" aliuliza LaVonne. "Jiki itasaidia?"

"Ukikitia jiki nitarudi kwenye kamati kwa mabavu," alisema Arvilla.

"Hujatoka bado, mwenzangu. Hakuna aliyepokea barua yako ya kujiuzulu."

Ikafuata kazi ya vyombo, kama inavyofuata kila jambo kubwa Nordal. Arvilla aliosha, Mchungaji Maren akasuuza, wakisimama bega kwa bega mbele ya sinki wala hawakusemezana, maana yote yalikuwa yamekwisha kusemwa mbele ya watu hamsini na watatu na Arvilla alihisi ametumia maneno ya mwaka mzima. Moyo wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kumtia wasiwasi. Alijaribu kutafuta kitu cha kuhuzunikia, kwa mazoea, na hakukipata. Akamshukuru Mungu kimya kimya: kwa msichana huyu mwenye sauti mbovu, kwa mzee Ervin, hata kwa Gordy.

Duane aliingia amebeba sufuria chafu, akasimama nyuma yao kama mtu aliyesahau alichofuata.

"Mchungaji."

"Naam, Duane."

"Mjukuu wetu anatarajiwa Juni mwishoni. Mke wangu anauliza." Alihamisha sufuria kutoka mkono hadi mkono. "Ubatizo tungependa Julai, kabla ya mavuno ya ngano. Utakuwepo Julai?"

Mchungaji Maren alifunga bomba la maji.

"Nitakuwepo," alisema.

"Basi vizuri," alisema Duane, na Arvilla akampa taulo akaushe sahani.